Bomba la Bati Katika Karakana ya Seremala: Historia ya Kufyonza Vumbi la Mbao

Mabomba ya bati yanayopita chini ya dari ya karakana ya nyumbani, kama zilivyo nyingi Marekani na Uingereza, yakiunganisha msumeno wa meza na mashine ya randa na feni moja iliyowekwa pembeni, ni urithi wa viwanda vya karne ya 19. Karibu kila swali analojiuliza seremala wa nyumbani anapochagua bomba, liwe la unene wa bati, la upana wa bomba, la namna ya kuunga au la haja ya kuliunganisha na ardhi, lilikwisha kujibiwa na watu waliokuwa na shida tofauti na yake. Watu hao hawakuanza kwa kuhangaikia mapafu ya fundi. Walihangaikia sakafu iliyofurika maranda, hatari ya moto, na boila iliyohitaji kulishwa. Afya ilikuja baadaye sana, na ilipofika ilikuta mabomba yamekwisha kufungwa.

Useremala wa mkono haukuwa na haja ya bomba. Randa ya mkono hutoa maranda marefu yanayoanguka miguuni pa fundi, na msumeno wa mkono hutoa unga mzito usioruka mbali, kwa hiyo fagio na gunia vilitosha. Hali ilibadilika pale kisu kilipowekwa kwenye mhimili unaozunguka kwa kasi. Nchini Uingereza Samuel Bentham alipata hataza, yaani haki ya serikali inayomlinda mvumbuzi, mwaka 1791 na tena mwaka 1793, kwa mashine za kuranda, kukata na kuchonga mbao, na miaka michache baadaye bandari ya kijeshi ya Portsmouth ikawa na mashine za kutengenezea kapi za merikebu zilizosanifiwa na Marc Isambard Brunel na kuundwa na Henry Maudslay. Nchini Marekani hatua kubwa ilikuwa hataza ya William Woodworth ya mwaka 1828, ya mashine ya kuranda mbao kwa visu vinavyozunguka. Hataza hiyo iliongezewa muda zaidi ya mara moja, ikazua kesi nyingi mahakamani, na ilipokoma mwaka 1856 mtu yeyote aliyekuwa na mtaji aliweza kufungua kiwanda cha kuranda. Mashine moja ya namna hiyo ilitoa kwa siku maranda ambayo mafundi kadhaa wa mkono wasingeyatoa kwa wiki, na vijana wa kuyazoa kwa koleo hawakuweza tena kwenda sambamba nayo.

Aliyeleta ufumbuzi hakutoka katika mbao bali katika viatu. Benjamin Franklin Sturtevant, mzaliwa wa Maine aliyekuwa fundi viatu, alihamia Boston akitafuta soko la mashine yake ya kupigilia vijiti vya mbao kwenye soli, na huko alikuta vumbi la ngozi linalotoka kwenye magurudumu ya kusugulia viatu likiwasumbua wafanyakazi. Katika miaka ya 1860 aliunda feni ya kulifyonza vumbi hilo, na kutokana na feni hiyo likazaliwa shirika lililohamia Jamaica Plain, kitongoji cha Boston, mwaka 1878. Feni ya kusukuma hewa ilikuwa imejulikana kwa wahunzi na wachimba migodi kwa muda mrefu. Jambo lililohitaji ustadi lilikuwa kutengeneza feni ambayo kitu kinachofyonzwa kingeweza kupita katikati yake bila kuikwamisha. Feni za viwanda vya kuranda zikaundwa na mapanga machache, mapana na yaliyonyooka, ili maranda yasipate pa kunasa, na muundo huo umebaki hadi leo katika feni za bei nafuu zinazouzwa kwa maseremala wa nyumbani.

Maranda yaliyofyonzwa hayakutupwa. Yalipelekwa kwa bomba hadi nyumba ya boila na kuwa kuni za injini ya mvuke iliyozungusha mashine zilizoyatoa, mpango ambao mwenye kiwanda aliupenda kwa sababu uliondoa gharama mbili kwa wakati mmoja. Tatizo lilikuwa kuyatenganisha maranda na hewa mwishoni mwa safari. Mwanzoni yalimwagwa ndani ya chumba kikubwa ambamo hewa ilipoteza kasi, lakini chumba kilichojaa vumbi la kuelea ni hatari, na wasaga nafaka walilijua hilo kwa machungu: tarehe 2 Mei 1878 vumbi la unga lililipuka katika kinu cha Washburn A mjini Minneapolis na kuua watu 18. Mwaka 1885 John M. Finch wa kampuni ya Knickerbocker alipata hataza ya Marekani ya chombo kinachoitwa saikloni, yaani pipa la bati lenye umbo la pia, ambamo hewa huingizwa kwa ubavu, ikazunguka, na kwa mzunguko huo ikasukuma chembe nzito kwenye ukuta hadi zikateremka chini, huku hewa nyepesi ikitokea juu katikati. Chombo hicho hakina sehemu inayosogea wala kitambaa cha kuziba. Kilianzia kwenye vinu vya nafaka, lakini hakuna kazi iliyokikubali kama kazi ya mbao, na baada ya muda mfupi paa la kiwanda cha samani lisilo na saikloni likawa jambo la kushangaza.

Bomba lenyewe lilitegemea historia nyingine, ile ya bati. Paul Jacques Malouin aliieleza Akademia ya Sayansi ya Ufaransa mwaka 1742 kwamba chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyuka hupata ngozi inayokikinga na kutu, na mwaka 1837 Stanislas Sorel alipata hataza ya njia iliyoweza kutumika kibiashara. Kwa fundi wa mabomba, zinki ilikuwa na faida ambayo haikukusudiwa na wavumbuzi wake: maranda ya mbao mbichi yana maji na asidi, nayo hula chuma kitupu haraka, hasa mahali bomba linapotoka nje ya jengo na kupoa usiku. Karne moja baadaye Tadeusz Sendzimir, mhandisi kutoka Poland, aliunda njia ya kuchovya ukanda mrefu wa chuma bila kukatiza, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1930 nchini Poland na kisha Marekani, na njia hiyo ndiyo iliyolifanya bati la zinki kuwa bidhaa rahisi duniani kote.

Unene wa bati ulipangwa kwa geji, kipimo ambacho wanunuzi wa mabati ya kuezekea Afrika Mashariki wanakifahamu vizuri, na ambacho huwachanganya wageni kwa sababu namba ikipanda unene hushuka. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1893 orodha rasmi ya geji za bati la chuma ili kumaliza vurugu za viwanda vilivyokuwa na vipimo tofauti kwa jina moja. Kwa bati la zinki, geji 30 ni takriban milimita 0.4, geji 26 ni takriban milimita 0.55, geji 24 hufikia milimita 0.7, na geji 22 hukaribia milimita 0.85. Tofauti ya geji nne au sita, ambayo kwa mkono haihisiki sana, ndiyo itakayoonekana baadaye kuwa imewaponza maseremala wengi wa nyumbani.

Mafundi bati wa viwandani walijifunza kwa uzoefu kanuni ambazo hakuna aliyeziandika kwa muda mrefu. Bomba liwe la mviringo, kwa kuwa la pembe nne huacha vumbi litulie kwenye kona na pande zake bapa hujikunja ndani hewa inapofyonzwa. Tawi lisiingie bomba kuu kwa pembe ya mraba, bali liingie kwa mshazari wa nyuzi 30 au 45, likielekea upande hewa inakokwenda. Kiwiko, yaani kipande kinachopinda, kiwe na mpindo mpana wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya kipenyo cha bomba. Kipande kinachoingia ndani ya kingine kielekee kwenye feni, ili ukingo usitazamane na maranda na kuyanasa. Kanuni hiyo pekee inaeleza kwa nini viungio vilivyotengenezwa mahususi kwa vumbi havifanani na vile vya kupashia nyumba joto. Mshono wa urefu ukae juu, na viungo vifungwe kwa ribiti fupi badala ya skrubu ndefu ambazo ncha yake hujitokeza ndani na kuanza kukusanya nyuzi. Bomba kuu lilipanuka kila tawi lilipoongezwa, kwa kuwa mashine zote za kiwanda zilizungushwa na mhimili mmoja na zilitoa maranda kwa wakati mmoja.

Sayansi ilikuja kuthibitisha ufundi huo katika miaka ya 1930, na sehemu kubwa ya sifa inamwendea J. M. DallaValle, aliyepima namna hewa inavyosogea mbele ya mdomo wa bomba linalofyonza. Matokeo yake yalikuwa ya kukatisha tamaa: katika umbali ulio sawa na kipenyo kimoja cha bomba, kasi ya hewa huwa imeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya kasi iliyopo mdomoni. Feni inayopuliza inaweza kuhisiwa upande wa pili wa chumba, ilhali feni inayofyonza haina nguvu hatua moja kutoka kwenye mdomo wake, na kwa hiyo mdomo hauna budi kulikaribia kabisa vumbi linakozaliwa. Chama cha wataalamu wa afya kazini wa serikali za Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1938, kilikusanya maarifa hayo katika kitabu cha mwongozo kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1951, na ndani ya mapokeo ya mwongozo huo imo namba ambayo kila msanifu wa mabomba ya mbao huikariri: hewa isafiri kwa kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde, kwani ikipungua sana maranda hutuama chini ya bomba.

Upande wa afya, sheria ilitangulia elimu ya tiba. Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya mwaka 1878 ilimruhusu mkaguzi kuagiza feni ifungwe mahali vumbi linapovutwa na wafanyakazi kwa kiwango cha kudhuru, lakini lililoogopwa zaidi wakati huo lilikuwa vumbi la mawe ya kunolea visu, na vumbi la mbao lilihesabiwa kuwa kero tu. Ushahidi uliolibadilisha jina ulitoka High Wycombe, mji wa Buckinghamshire uliokuwa umeishi kwa kutengeneza viti tangu karne ya 18. Daktari wa pua na koo Esme Hadfield aliona kwamba saratani ya mianzi ya pua ya aina moja iliyo adimu mno ilikuwa ikiwapata mafundi samani wa mji huo mara nyingi kupita kiasi, na mwaka 1968 yeye, E. D. Acheson na wenzao walichapisha utafiti uliolihusisha vumbi la mbao ngumu na ugonjwa huo. Kilichotisha ni kwamba wagonjwa wengi walikuwa wamefanya kazi miongo kadhaa kabla ya kuugua, wengine wakiwa wamekwisha kuiacha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu katika ripoti yake ya mwaka 1995.

Ugunduzi huo ulibadilisha swali la msingi. Maranda yaliyowahangaisha wenye viwanda vya kuranda huonekana kwa macho na huanguka chini yenyewe. Chembe zinazofika ndani ya kifua ni ndogo kuliko mikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, na huweza kuelea chumbani kwa saa nyingi. Kusafirisha maranda ni suala la kasi, lakini kukamata chembe hizo ni suala la wingi wa hewa. Bomba linaloweza kufanya la kwanza vizuri huenda lisiweze la pili hata kidogo.

Katika hali hiyo ndipo seremala wa nyumbani alipoingia. Kampuni ya Delta, iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1919, ilikuwa miongoni mwa zilizowafikishia watu wa kawaida mashine ndogo za bei nafuu, na baada ya Vita Kuu ya Pili mashine hizo zilijaa katika vyumba vya chini na magereji ya Marekani. Feni ndogo zenye mifuko ya kitambaa, nyingi zikitoka Taiwan, zilifuata kwa wingi katika miaka ya 1980. Zilikuja na tundu la bomba la milimita 100, na kitambaa ambacho mara nyingi kilizuia chembe za mikroni 30 na zaidi tu, maana yake zilizoa maranda sakafuni na kuirudisha hewani ile sehemu mbaya zaidi ya vumbi. Mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya usafi ikawa, kwa mapafu, pampu ya kusambaza uchafu.

Kwa mabomba, mwenye nyumba alikwenda duka la vifaa vya ujenzi, na humo alikuta aina mbili. Ya kwanza ilikuwa bomba la bati la mifumo ya kupasha nyumba joto, ambalo kutokana na kuenea kwa majiko ya hewa moto katikati ya karne ya 20 lilikuwa jepesi, rahisi na linapatikana kila mji. Bomba hilo, la geji 28 au 30, liliundwa kubeba hewa inayosukumwa polepole kwa shinikizo la paskali mia moja na kitu, ilhali feni ya vumbi huweza kuvuta kwa paskali zaidi ya 2,000. Karakana ya nyumbani hutumia mashine moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila tawi huwa na kilango cha kuteleza cha kufungulia na kufungia hewa, na seremala aliyesahau vilango vyote vikiwa vimefungwa huku feni inazunguka aliona bomba lake likibonyea lote kwa pigo moja. Kiwandani ajali hiyo ilikuwa nadra, kwa kuwa matawi yalikuwa wazi muda wote na bati lilikuwa nene.

Aina ya pili ilikuwa bomba la plastiki la maji taka, ambalo halibonyei kwa urahisi na huungwa bila ufundi wowote, nalo likazua ubishi wa miaka mingi kuhusu umeme tuli, yaani chaji inayojikusanya vitu viwili vinaposuguana. Waliolipinga walisema cheche ndani ya bomba ingewasha vumbi na kulipua nyumba. Waliolitetea walizungusha waya wa shaba nje yake na kuuunganisha na ardhi, dawa isiyo na maana kubwa, kwani plastiki haipitishi umeme na chaji iliyo ndani haiwezi kuufikia waya ulio nje. Ukweli uko katikati. Mlipuko huhitaji makumi ya gramu za vumbi laini katika kila mita ya ujazo ya hewa, kiwango ambacho bomba la karakana ndogo hukikaribia mara chache, na kiwango cha usalama cha Marekani namba 664, kilichosimamiwa na chama cha kuzuia moto na kilichotaka mabomba yapitishe umeme, kiliyaacha nje maeneo madogo yenye feni dhaifu. Hatari iliyo karibu zaidi ni msumari uliogongwa na meno ya msumeno, ukapeleka kipande chenye moto ndani ya pipa la maranda na kufuka humo usiku kucha. Bati haliondoi hatari hiyo pia, ila lenyewe haliungui, na likiunganishwa na ardhi kwa waya mmoja lote hubaki bila chaji, bila hila yoyote. Kwa hesabu hiyo peke yake, bati lina haki ya kupendelewa.

Upana una uzito kuliko ubishi huo wote. Bomba la milimita 100, kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, hupitisha hewa ya mita za ujazo 0.16 hivi kwa sekunde; la milimita 150 hupitisha 0.35, zaidi ya maradufu, ingawa gharama ya bati haiongezeki kwa kiasi hicho. Tundu la milimita 100 linatosha maranda. Vumbi laini linahitaji la pili, na feni yenye nguvu ya kulijaza, kwa sababu bomba pana mbele ya feni dhaifu hurudisha tatizo la maranda kutuama. Watengenezaji waliowalenga maseremala wadogo, miongoni mwao Oneida Air Systems ya Syracuse, waliiteremsha saikloni ya kiwandani hadi kimo cha chumba na kuiuza pamoja na bomba la geji nzito. Bomba la mshono wa mzunguko, linalosokotwa kutoka ukanda mmoja wa bati na kuwa gumu kutokana na mshono wenyewe, likatoka viwandani na kuingia gerejini. Vilevile mabomba yenye midomo iliyokunjwa na kubanwa kwa kishikizo, ambayo Nordfab ya Thomasville, katika ukanda wa samani wa North Carolina, imeyauza sana, na ambayo ubora wake mkuu ni kwamba hufunguliwa na kupangwa upya mashine inapohamishwa. Bei yake huwakatisha wengi tamaa, na si bure.

Sheria nayo haikunyooka. Idara ya usalama kazini ya Marekani iliweka mwaka 1989 kikomo mahususi cha vumbi la mbao, mahakama ya rufaa ikalifuta tangazo zima mwaka 1992, na mbao zikarudi kuhesabiwa kama vumbi la kawaida. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha miligramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mbao ngumu mwaka 1999, kikashuka hadi 2 kuanzia mwaka 2023. Hakuna kati ya sheria hizo inayoingia katika gereji ya mtu anayejifanyia kazi zake.

Afrika Mashariki inaingia katika historia hii kwa njia ya mbao zenyewe. Mvule, ambao Ulaya huitwa iroko, umejulikana kwa muda mrefu na mafundi wa huko kwa kuwasha ngozi na kubana kifua, na mpingo unaosafirishwa kwa ajili ya zumari za Ulaya una vumbi linalowasha vilevile. Mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi wanaozipasua na kuziranda mbao ngumu hufanya kazi mara nyingi chini ya kibanda kilicho wazi, na upepo ndio unaowafanyia kazi ya feni. Pindi mashine zinapohamishiwa ndani ya jengo lenye kuta nne, msaada huo hukoma siku hiyo hiyo. Ufundi wa bomba haukosekani, kwani mafundi bati wa Kamukunji na Gerezani, katika miji hiyo hiyo, hukunja, hushona na kupiga ribiti bati kila siku. Mwenye karakana anayewaendea na aagize bati la zinki la geji 24, au geji 26 kwa matawi mafupi, bomba kuu la milimita 150, matawi ya mshazari, viwiko vipana na mshono juu; na bati la geji 30 aliache kwenye paa.